Nilimwonea Aibu Baba wa Ubatizo, Ruta Ikazimika

Kosa ni langu, nalisema mapema msije mkahangaika kunitetea. Mimi ni fundi mitandao wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Songea. Fundi hodari kweli, muulizeni mke wangu nilivyokuwa najisifu mezani!

Kazi yenyewe iko hivi. Ruta yetu, ile mashine inayoelekeza intaneti, imeunganishwa na ruta ya kampuni jirani ya Namtumbo, na zinapeana orodha ya njia: ukitaka kufika kule, pitia kwangu. Jirani hutupatia njia arobaini hivi. Bosi wetu aliniagiza niweke kikomo. Zikizidi mia moja, ruta ikate muungano huo tu, intaneti yetu iendelee, nami nipate ujumbe kwenye simu. Ni mstari mmoja wa kuandika. Mmoja tu!

Sikuuandika. Mnajua kwa nini? Fundi wa Namtumbo ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu Anjela. Mtu aliyesimama na mwanangu mbele ya padre, leo nimwekee mpaka kama mwizi wa mahindi? Na kila siku nichungulie ameleta njia ngapi? Nikaona ni kumkosea adabu. Bosi nikamwambia, "Tayari, mama, nimeweka." Muungwana mimi!

Sasa, shemeji yangu Sesilia ni mwalimu wa kujitolea, mwaka wa nne huu. Akaitwa kwenye usaili wa kazi ya kudumu, kwa video. Alitaka kwenda kwa rafiki yake mjini, nikamcheka.

"Njoo kwangu Mshangano, shemeji. Intaneti ya kwangu haikatiki, naisimamia mwenyewe."

Akaja asubuhi na koti la kuazima, akaketi sebuleni. Swali la kwanza alilijibu vizuri mno, mpaka nikajisikia fahari. La pili alikuwa katikati, nyuso za wasaili zikaganda.

"Shemeji, mbona wamenyamaza?"

Nikarukia pikipiki hadi ofisini. Kumbe baba wa ubatizo alikosea mpangilio kwenye ruta yake, akatumwagia njia za dunia nzima, malaki kwa malaki. Ruta yetu, kwa adabu niliyoifundisha, ikazipokea zote mpaka ikajaa na kuzimika. Simu yangu haikulia hata mara moja, maana hakuna aliyeiambia ilie. Bosi akaniuliza kile kikomo kiko wapi. Nikainamia ruta kuiwasha upya.

Kuirudisha kulichukua saa mbili. Wasaili hawakumpigia tena. Sesilia alirudisha koti la watu siku ileile, bila kunilaumu. Afadhali angenitukana, jamani!

Kesho yake nikampigia baba wa ubatizo, nikamweleza nilivyomheshimu.

"Baba Anjela, yaani hukuniwekea kikomo? Mbona mimi wewe nilikuwekea siku ileile tulipounganisha!"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Mafundi wenzangu, wekeni kikomo hata kwa baba mkwe, na idadi muiangalie kila siku. Hakuna atakayenuna. Mwenye kununa nilikuwa namtunga kichwani mwangu, na Sesilia ndiye aliyelipia.

Bado anajitolea. Jumapili tukitoka misa huja kula kwetu, ananisalimia vizuri tu. Halafu kabla ya kukaa, anazima waifai kwenye simu yake na kuwasha bando lake mwenyewe la intaneti.