Geti la Kiwanda cha Kamba, Mara Mia Saba

Mtoni wanamwita Bwana Subiri. Ni fundi pampu katika kituo cha maji, na kwa miaka kumi na minne amepiga picha viwanda vya ukingoni kila Jumamosi, kutoka sehemu tisa zilezile alizozitia alama ya rangi nyeupe. Anacho kiwanda cha nondo kabla hakijang'olewa mabati. Anayo mabomba ya moshi yakiwa matano, kisha matatu, sasa moja.

Katika picha zote hizo hamna mtu. Anayekatiza mbele yake huinuliwa mkono: "Pita kwanza, bosi, nasubiri." Aliwahi kusubiri dakika arobaini, mpaka msukuma mkokoteni aliyelala kivulini akaamka mwenyewe.

Kwingineko hatulii. Mezani mguu wake hucheza hadi vikombe vinagongana. Chai huinywa wima, akichungulia mawingu.

Mwezi uliopita ilitangazwa kwamba kiwanda cha kamba kitabomolewa Jumatano. Mkewe alifanya kazi humo miaka kumi na tisa. Alitaka picha moja tu: yeye getini, na koti lake la kazi. Fundi akavuta maboksi manne kutoka chini ya kitanda. Geti lilikuwamo zaidi ya mara mia saba: limefungwa, limefunguliwa, limepakwa rangi upya. Mkewe hakuwamo.

"Baba watoto, Jumamosi tulikuwa tunatoka saa nane kamili. Ulikuwa wapi?"

"Hapohapo. Nilikuwa nasubiri mpite."

"Tupite!" Alicheka kidogo, akaanza kufunika maboksi mwenyewe.

Jumatano asubuhi alifika getini na wenzake watano, wote wamevaa makoti yao ya zamani. Tingatinga lilikuwa tayari uani.

"Dakika tano, mzee," alisema msimamizi. "Wanamalizia kujaza mafuta."

Fundi akasimika kamera kwenye alama yake. "Mama, kushoto kidogo. Wewe mrefu, kofia. Subirini, wingu lile linapita."

"Shemeji, sisi si pampu!" alipaza sauti yule mrefu. "Huwezi kutufunga na kutufungua!"

Wakaangua kicheko. Fundi akatazama juu, akatazama saa, akafuta lenzi aliyokwisha kuifuta. Tingatinga likanguruma, msimamizi akapunga mkono.

"Piga!" mkewe alisema.

"Sekunde mo—"

"Ukisubiri tena naondoka, ubaki na geti lako!"

Fundi akaing'oa kamera kwenye miguu yake mitatu, akapiga bila kupima chochote.

Picha imelala upande. Geti limekatwa juu, mwanamke mmoja kafumba macho. Mkewe yuko katikati, mdomo wazi, kidole amemnyooshea mpiga picha. Ameitundika sebuleni, juu ya televisheni, na kila mgeni anaonyeshwa.

Fundi hawezi kupita bila kuigusa fremu, ainyooshe. Fremu yenyewe haijapinda.

"Iache," mkewe humwambia bila kugeuka.

Huiacha, kwa dakika kumi hivi.