Mpira Mweusi wa Siku ya Uporaji

Katika cercle yetu, klabu ya wafanyakazi wa mgodi, hakuna aliyeingia wala kutoka mchezo wa snuka ukiwa unaendelea. Mlinzi, mzee mwenye ufunguo, aliufungua mlango pale tu mpira mweusi ulipoingia tunduni, kwani huo ndio wa mwisho. Hata siku askari walipoanza kupora maduka hakuibadilisha desturi hiyo.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa mezani tangu asubuhi. Risasi zilipoanza kulia upande wa soko, akaniita mdogo wake, kwa Kifaransa: "Petit, tumalize mbio. Bibi yangu, mama ya batoto, iko peke yake nabo nyumbani, kule Makomeno."

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "ngoja basoda na bunduki zabo batulie."

"Batatulia bakikosa cha kubeba."

Nikaanza kumchelewesha ili mlango usifunguliwe. Niliisukuma mipira myekundu ikarundikana mbele ya tundu na kuliziba. Kila zamu yake ilipofika aliukuta mpira mweupe wa kupigia nimeuficha nyuma ya mingine. Mchezo wa nusu saa ukapita masaa mawili, ukapita matatu.

"Unacheza kama mutu ya kuchunga mbuzi," alisema. "Piga basi."

Angeweza kumnyang'anya mzee ufunguo. Lakini alikuwa mtu wa heshima, na tena hakuwahi kushindwa na mimi, hata mara moja.

Saa tisa alasiri ulibaki mweusi peke yake. Atakayeuingiza ndiye mshindi. Tuliubananisha ukingoni mwa meza kwa zamu, sijui mara ngapi. Huko nje gari lilipita likipiga honi bila kukoma. Kisha kaka akakosea kidogo, na mweusi ukasimama mbele ya tundu la kona, wazi kabisa.

Nilijua mlango ungefunguliwa. Nilijua pia kwamba nafasi kama ile nisingeipata tena. Nikapiga.

Kaka alicheka, akanipa mkono. "Félicitations, petit. Utajisifu mwaka muzima."

Mzee aliandika ukutani kwa penseli, chini ya michezo mingine mirefu: masaa matano na nusu, mdogo ameshinda. Kisha akafungua, na kaka akatoka.

Tulimkuta kaka kesho yake kando ya barabara, amekufa; hakufika Makomeno. Shemeji na watoto walikuwa wamelala parokiani, salama. Shemeji aliponiuliza kwa nini sikumzuia zaidi, nilimwambia mweusi uliingia kwa bahati mbaya.

Haukuingia kwa bahati mbaya. Nililenga.