Siku Mashine ya Mama Ilipogoma

Harufu ya nailoni iliyopata joto, ile ya kitu kipya kinapowashwa kwa mara ya kwanza, hunirudisha moja kwa moja mtaa wa Cheyo, kwenye sebule yetu ya Tabora. Juzi nilimnunulia mwanangu taa ya kusomea. Nilipoiwasha tu nikajikuta nimekaa sakafuni natabasamu peke yangu, mume wangu ananiuliza kulikoni.

Lazima niwaambie kwanza jinsi tulivyoishi na nailoni. Kwetu kitu kipya hakikuvuliwa nailoni yake. Rimoti ilikuwa na yake, saa ya ukutani ilikuwa na yake mpaka mishale ikaonekana kama iko ndani ya ukungu, na makochi ndiyo usiseme. Mgeni akiinuka wakati wa joto, mapaja yalibanduka kwa mlio, nasi tulifundishwa kuangalia pembeni. Mama aliamini kwamba kitu kikishavuliwa nailoni kimeanza kuzeeka. Baba alikuwa ametutoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, na vitu vipya havikuingia nyumbani kwetu mara kwa mara.

Kisha steshenari ya Gongoni, mama alikokuwa akichapa barua na mitihani, ikafungwa, akabaki na vidole vyake tu. Ndugu zake wa Nzega wakakaa kikao, wakaamua turudi kijijini tukalime pamba. Mama akaomba apewe nafasi. Alikuwa anaagiza vipande vya kompyuta kwa rafiki yake wa Dar, kimoja kimoja, vinakuja na treni, na anaviunga mwenyewe kwenye meza ya chakula. Akishakuwa na mashine yake, alisema, atachapa kazi za watu hapo hapo nyumbani. Wakakubaliana hivi: kaka yake mkubwa, mjomba Masanja, angekuja na pikapu. Akikuta mashine inawaka, tunabaki. Akikuta haiwaki, tunapakia.

Mimi sikutaka kwenda popote. Niliipenda Tabora yangu, honi ya treni ikiingia na wauza asali wakikimbilia madirishani na chupa zao. Usiku niliwaza kwamba Nzega hakuna kitu ila jua na mjomba Masanja, na wote wawili niliwaogopa.

Alifika siku ya kiangazi, vumbi jekundu limemkaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Umekua!" Akamgeukia mama. "Haya mdogo wangu, iko wapi hiyo mashine?"

Mama akabonyeza kitufe. Feni ikaanza kuvuma, taa ndogo ya kijani ikawaka, maandishi meupe yakachungulia kwenye kioo, na mimi nikaanza kuruka. Halafu kimya. Akabonyeza tena, ikavuma, ikazima. Mjomba akauliza kama umeme umekatika.

"Umeme upo, kaka. Redio ya jirani si unaisikia?"

Mchana ule ulikuwa mrefu ajabu. Pazia lilijaa upepo na kushuka taratibu, mwanga ukaingia na vumbi lake, na vile vipande vya mashine vikang'aa mezani kama mji mdogo uliolala. Mama alichomoa waya, akachomeka. Akaazima ufutio wangu wa shule akasugua meno ya kile kipande cha kumbukumbu, maana rafiki yake alimwambia kwa simu kwamba ndiyo dawa. Ikavuma, ikazima. Mjomba alikunywa chai kwa asali, akaomba nyingine, akaomba nyingine tena. Akatoka kuangalia maji ya redieta, akarudi akasema injini bado ya moto, haifai kupakia. Nilimchukia kwa kukaa kwake pale. Niliona anasubiri tushindwe.

Baadaye akatoka tena na simu yake. Nilimfuata hadi upenuni, nikajibanza. Alikuwa anaongea na Nzega, kwa ile sauti ya juu ya watu wasioamini simu.

"Inawaka," alisema. "Ndiyo, inawaka. Nimeiona kwa macho yangu. Waacheni."

Nilirudi ndani mbio, nikitarajia kuona kioo kimejaa rangi. Mama alikuwa ameinama vilevile, bisibisi mkononi, macho mekundu, na mashine imekufa. Nikasimama pale nimechanganyikiwa. Mtu mzima mzima, na amedanganya.

Hapo ndipo pua yangu ilipoipata ile harufu.

"Mama, kuna nailoni inaungua."

Akanusa. Akafungua skrubu, akainua lile bonge la chuma linalopoza moyo wa mashine, akaligeuza. Chini yake, safi kabisa, kulikuwa na karatasi ya nailoni aliyoiacha makusudi ili kitu chake kisichakae. Chuma hakikugusana na moyo, joto halikuwa na pa kwenda, na mashine ilikuwa inajizima ili isiungue. Mama aliitazama ile nailoni kwa muda. Kisha akaibandua, polepole, uso umekunjamana utadhani anang'oa jino lake mwenyewe. Akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, ambayo nilidhani ni ya meno, akafunga, akabonyeza.

Haikuzima. Mama alilia mbele yetu bila aibu, nami nikalia kwa kuwa yeye analia.

"Basi, nimeshindwa," mjomba alisema, akatafuta funguo za pikapu. Aliondoka na gari tupu, na sikumuaga vizuri.

Ilinichukua miaka mingi, mpaka nikawa na wadogo wa mume wangu wa kuwasemea kwenye vikao, ndipo nikaelewa ile simu. Mjomba Masanja alitumwa na wakubwa wa ukoo kuja kutuchukua, na hakuwa mtu wa kuwaambia wakubwa hapana. Kwa hiyo alikunywa chai mpaka tumbo likajaa, akimtazama mdogo wake akihangaika na skrubu, na alipoona hatakata tamaa akatoka nje akamalizana nao. Tulikuwa tumeshabaki Tabora kabla mashine haijawaka.

Mama bado anachapa. Wageni wakija huwasimulia jinsi vidole vyake na ile mashine vilivyomshinda kaka yake, na mjomba, akiwepo, huinamisha kichwa na kusema ni kweli, alishindwa kabisa. Nami namimina chai, nikianza na kikombe cha mjomba.