Falme Tisa Kichwani kwa Asnath

Ukitaka kupotea kwenye hadithi, mtafute mwingine. Kwa Avelina hupotei, ng'o! Msusi huyu wa Sumbawanga mjini hana mpinzani, na anayebisha akabishe mbele ya kioo chake. Kusuka rasta huchukua saa nyingi, na mteja aliyeshikwa kichwa hana pa kukimbilia. Basi Avelina humsimulia riwaya alizosoma, zile ngumu zenye nchi za kubuni na majina ya kuvunja ulimi. Kila nchi huipa mstari wake wa nywele.

"Huu ufalme wa mvua," husema huku akivuta, "huu wa chuma. Zinakutana hapa utosini, na hapo ndipo vita vilipo." Mteja hujigusa kichwa, akaelewa.

Ijumaa moja akaja Asnath, mwalimu kijana kutoka Namanyere, uso umemshuka.

"Shikamoo mama. Nisuke twende kilioni."

"Marahaba. Kuna msiba?" Maana twende kilioni ni ule msuko wa chapuchapu, wa kuwahi matanga.

"Msiba wangu mwenyewe."

Kumbe Asnath ameandika riwaya. Alipowasomea akina mama kwenye ukumbi wa parokia, walitoka mmoja mmoja, huyu kakumbuka maharage jikoni, yule kaacha mtoto. Kesho anasoma tena. Wakitoka tena, makaratasi yote anawashia mkaa, na kalamu haishiki maishani.

Roho ikamuuma Avelina. "Hebu nisimulie."

Asnath akaanza: falme tisa, koo zake, wafalme na babu za wafalme. Kwenye ufalme wa nne vidole vya Avelina vikasimama.

"Mwanangu, mistari inaniishia, na sijaona mtu hata mmoja wa kumhurumia. Nani anatafuta nini humu? Akikosa, anapoteza nini?"

Asnath akafikiri. "Yupo Nsia. Mama yake anaumwa, na dawa ni chumvi ya bondeni. Lakini katika nchi hiyo, ukishateremka bondeni, lugha ya kwenu inakutoka, neno moja moja. Akichelewa, atarudi na chumvi, mama atamwita, na yeye hatajua kwamba anaitwa."

Kichana kikamdondoka Avelina. Mama yake mwenyewe yuko kijijini Msanzi, hajui ila Kifipa, na siku hizi wakiongea kwa simu yapo maneno Avelina anayatafuta hayaji. Alilia waziwazi, mbele ya wateja.

"Ala! Hili ulilificha wapi?"

"Sura ya saba."

"Ya saba! Wenzio walikuwa wameshafika kwao wanasonga ugali!"

Akafumua kichwa chote. Akasuka mstari mmoja mnene kutoka utosini hadi kisogoni. "Hii ndiyo njia ya Nsia. Huku juu mama, huku chini chumvi. Ufalme mwingine usiutaje mpaka mguu wa Nsia uukanyage." Mistari minane ya falme nyingine akaiingiza kwenye njia ile, kila mmoja mahali pake, na Asnath akawa anaifuata kwa kidole huku akisimulia upya. Sasa hata wateja waliokuwa kwenye foleni walisogeza viti karibu.

Kesho yake ukumbini, Bibi Kristiana, aliyekuwa wa kwanza kutoka ile siku, alikaa karibu na mlango, sweta mwilini na kikapu mapajani, tayari kwa safari. Avelina, aliyekuja kusikiliza, alimwona, akaenda kukaa kando yake.

Asnath akagusa utosi wake, akasoma. Nsia alisahau neno la moto. Akasahau la mlango. Akina mama wakaguna, jamani, jamani! Maharage hakuyakumbuka mtu. Muda ulipokwisha, Nsia alikuwa amerudi na chumvi yake, amesimama uani kwao, na mama ndiyo kwanza ameita.

"Nimeishia hapo. Asanteni," Asnath akasema, akakunja makaratasi, akaelekea mlangoni.

Bibi Kristiana akamdaka mkono.

"Wee binti, hutoki humu! Mama kaita. Mtoto kaitika, au hakuitika?"

Avelina akamvutia Asnath kiti, akaenda kufunga mlango.