Fundi wa Sufuria Anayewasimamisha Wapanda Farasi wa Kikula

Saa tatu asubuhi, mtaani Kikula, mjini Likasi. Simone anakanyaga cherehani yake kwa nguvu zote, na meza inatetemeka hadi mkasi unateleza na kuanguka chini. Lakini hashoni kitu. Sindano haina hata uzi.

Juu ya meza hiyo amesimama mpanda farasi wa bati, urefu wake kama kidole cha kati. Farasi ameinua miguu ya mbele, na mpandaji ameinua mkuki unaompita kimo. Ukimtazama utadhani mtu akipiga chafya tu, ataanguka. Haanguki.

"Ongeza, Mama Simone!" anasema jirani yake, Émérence Kabwe, aliyeinama hadi jicho lake likawa sawa na kwato za farasi. "Kanyaga sana!"

"Miguu yangu inachoka, weye!"

"Basi, acha. Huyu iko tayari."

Émérence, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa kuziba sufuria. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake huko Kapolowe. Chuma chake cha kulehemu hukipasha moto kwenye mbabula, jiko lile lile la makaa linalopika bukari, ugali wa watoto wake. Sufuria moja humpatia makuta matano. Askari mmoja wa mchezo humpatia ishirini.

Mchezo wenyewe unachezwa Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Wafanyakazi wa kiwandani na walimu hupanga juu ya meza vilima vya mbao, mito ya kitambaa na majeshi mawili ya askari wadogo, kisha hurusha dadu na kupigana hadi mmoja ashindwe. Wana sheria moja isiyo na huruma: askari akianguka mwenyewe, hata kwa upepo, amekufa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza Émérence mwezi wa tano mwaka huu wa 1970.

Timu ya Likasi ilikwenda kucheza Kambove. Kule, baruti za machimbo hulipuka saa sita mchana, na meza zote za mji hutikisika. Zilipolipuka siku hiyo, mbeba bendera wa Likasi, mpanda farasi aliyetengenezwa na Émérence, alianguka kifudifudi. Bendera ikianguka, vita vimekwisha.

"Bote balinitazama minye," anasimulia. "Hapana mutu alitazama ile baruti."

Leo anacheka. Siku ile hakucheka. Alikuwa amesimama nje, dirishani, kwa kuwa wanawake hawakai kwenye meza ile, na aliyaona yote kupitia wavu wa mbu. Wakati wa kurudi, ndani ya lori, nahodha wa timu, Zéphirin, karani wa stesheni ya reli, alimweleza bila kupindisha.

"Mama Émérence, sufuria unajua. Basoda, hawa askari, tutaagiza Ulaya."

"Papa Zéphirin, munarudia Kambove siku gani?"

"Mwezi wa saba."

"Basi unipatie mpaka ile siku."

Nahodha alikubali, ila kwa sauti ya mtu anayemnyamazisha mtoto.

Kwa siku tatu Émérence hakumgusa yule farasi. Alimweka kando ya chuma chake na kumpita kama mtu anayempita jirani waliyegombana. Siku ya nne alimfunga uzi, akamning'iniza, akatazama uzito unaangukia wapi. Ulikuwa unaangukia mbele, nje kabisa ya ukingo wa kitako, kile kibati cha chini anachosimamia.

"Pale njo nilielewa. Ile farasi iko na kichwa muzito, na minye nilimupa kiatu ya mutoto. Tena ile gundi ya chini ya kwato ilishika rangi tu, haikushika chuma."

Aling'oa kila kitu. Bendera ya bati la maziwa akaitupa, akakata nyingine ya kitambaa kilichotiwa wanga. Kwato akazikwangua kwa msasa mpaka bati tupu likaonekana. Kisha akashika keekee ndogo ya mkono na kutoboa kila mguu wa nyuma, polepole, maana mguu wenyewe ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Farasi wawili wa majaribio walivunjika miguu mikononi mwake. Wa tatu, yule wa bendera, alikubali.

Ndani ya matundu hayo alipitisha waya wa shaba, ukashuka hadi chini ya kitako kipya, kipana zaidi, akaukunja na kuulehemu. Alimsogeza farasi nyuma kidogo, uzito wake ukae katikati. Chini ya kitako akayeyushia risasi aliyoipata kwa dada yake anayeishi kando ya ziwa Tshangalele: chubwi nne zilizokuwa zikizamisha wavu mbovu wa samaki.

Mwezi wa saba walirudi Kambove. Saa sita ilipokaribia, wachezaji waliondoa mikono mezani, kama sheria inavyotaka. Ardhi ikanguruma. Vikombe vikagongana. Askari watatu wa Kambove wakalala. Mbeba bendera wa Likasi alitikisika, kitambaa chake kikapepea kama cha kweli, akabaki wima.

Likasi ilishindwa hata hivyo. Zéphirin alirusha dadu vibaya mara tano mfululizo.

"Ile siku hakusema neno juu ya Ulaya," anasema Émérence.

Wiki iliyofuata, nahodha wa Kambove, Hilaire, mtu mnene mwenye haya, alifika Kikula na kopo la biskuti kifuani. Ndani mlikuwa na askari arobaini wamefungwa katika pamba.

"Mama, hawa bananiaibisha," alisema. "Ubasimamishe kama yule wako."

Yule anayejaribiwa kwenye cherehani ya Simone asubuhi hii ni wa thelathini na mbili. Wanane waliobaki watakwisha kabla ya Jumamosi.

Na baada ya hapo? Émérence anafuta masizi mikononi, anavuta kopo jingine kutoka chini ya kitanda. Wamo askari kumi na wawili ambao hawajapakwa rangi na hawana mwenye kuwaagiza.

"Hawa ni bangu," anasema. "Ikifika Noeli batakuwa makumi matatu. Sheria yao inasema mutu akuje na jeshi. Haisemi mwanaume akuje na jeshi. Nilimuomba mwalimu mmoja anisomee mara mbili."

Na wakimkatalia kiti?

"Nitacheza nikiwa nimesimama," anajibu.