Chumvi Kisimani

Kompyuta yangu ilisema maji ya bwawa la kuoshea dhahabu, lililo juu ya boma letu karibu na Sori, yangechukua miaka mingi kukifikia kisima cha mama. Hilo ndilo nililosomea: jinsi maji yanavyopenya udongoni na uchafu yanaoubeba. Nilipima udongo, nikajaza tarakimu, na mishale ya buluu ikaelekea ziwani, mbali na kisima. Bwawani kulikuwa na zebaki, sumu ambayo wachimbaji huitumia kunasia dhahabu, lakini haikuwa inakuja kwetu. Nikamwambia mama anywe bila wasiwasi, naye akaacha kuteka ziwani.

Mwaka uliofuata, ili nifunge ripoti, nilimwaga magunia mawili ya chumvi bwawani. Wachimbaji waliniruhusu, ila walinicheka sana, wakaniuliza kama napika ziwa zima. Nilitaka tu kuthibitisha kwamba chumvi ile haitafika popote.

Siku ya tatu mama alinipa chai. Nilionja, nikamwuliza kama amekosea kopo la sukari.

"Sijakosea, nyathina, mwanangu. Maji yenyewe yako hivyo tangu asubuhi."

Kipimo changu kilikubaliana naye. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilirudia hesabu, nikakilaumu kipimo, nikailaumu hata mvua ambayo haikuwa imenyesha. Udongo ule wa mfinyanzi haupitishi maji haraka namna ile. Mwishowe nikamfokea mama, kana kwamba yeye ndiye aliyeyaleta maji.

Akasema polepole, "Kuna shimo hapa chini. Baba yako mdogo alichimba dhahabu kutoka kule juu penye bwawa mpaka karibu na kisima. Likamwangukia. Tukamtoa, tukalifukia mdomo tu."

Sikuwahi kulisikia. Kwetu shimo lililoua mtu halitajwi, maana ukilitaja unaliita tena. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimeuhoji udongo peke yake, sikumwuliza mwenye boma. Na hata ningemwuliza, sijui kama angenijibu.

Nilijaribu kukumbuka ni miezi mingapi amekunywa maji yale kwa neno langu. Nikaona aibu, nikaogopa.

Mama aliinua ndoo, akasimama nayo mlangoni.

"Sasa kompyuta inasema nini?" akaniuliza. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anangoja nimwambie kama amwage au anywe.