Bima Aliyoikata Mdogo Wangu

Mdogo wangu nilimfundisha mimi kushika mwiko. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Katesh wanalisahau makusudi. Alikuja kwangu amemaliza shule, hajui hata timazi ya kunyooshea ukuta inaning'inizwaje, nikamweka kwenye matofali ya msingi ambako udongo ungefukia makosa yake. Leo yeye ndiye mkandarasi. Kampuni ninayo na mimi, cheti chake kiko sebuleni juu ya kochi, lakini watu wakinikuta njiani wananisalimia, "Kaka wa mkandarasi, habari za asubuhi?" Naitikia vizuri, halafu siku nzima inaharibika.

Huku kwetu ujenzi unasubiri masika yaishe. Barabara ya kwenda Gitting ikikauka kiasi cha lori la mchanga kupita bila kuzama, ndipo kazi za shule na zahanati zinatoka kwa mfululizo, na kila mkandarasi anahangaikia makaratasi yake. Msimu mmoja nilikosa kazi ya zahanati kwa kukosa karatasi moja tu, ya bima. Nilikuwa nasema bima ni ya magari, nyumba haiwezi kugongana na nyumba. Kazi ile ilikwenda kwa nani? Kwa mdogo wangu.

Mwaka uliofuata alikuja nyumbani mvua hazijakatika bado. Akavua buti mlangoni, akasema shikamoo kaka, nikaitikia marahaba huku naangalia buti. Zilikuwa mpya, zile zenye chuma puani. Akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe, halafu akasema alichokijia.

"Kaka, safari hii kakate bima mapema. Yule dada wa bima yupo pale karibu na stendi, anaeleza vizuri."

Alipoondoka mke wangu akasema, "Mwenzako anakutakia mema." Nikamwambia huyo hanitakii mema wala nini, amekuja kunijulisha kwamba yeye ameshakata. Mke wangu akaondoa vikombe.

Kesho yake nikaenda. Ieleweke kwamba sikwenda kwa sababu aliniambia. Nilikwenda kuona yeye amekata ya namna gani.

Dada wa bima alikuwa mtu wa Tanga, mpole, amejifunga mtandio na juu yake koti zito kwa sababu baridi yetu ilikuwa haijamzoea. Akanieleza kwamba iko bima ya jengo lenyewe, ukuta ukianguka kabla hujakabidhi kazi, na iko ya watu. Hiyo ya watu inakwenda kwa orodha. Aliyeandikwa akiumia saiti, anatibiwa. Asiyeandikwa, anajitibu.

"Kwa hiyo baba, kila atakayekuja kufanya kazi, hata wa siku moja, muandike," akasema.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu ameandika wangapi?"

"Hayo ni mambo ya mteja, baba."

"Tumenyonya ziwa moja, mimi na yeye. Unanificha nini?"

Akatabasamu, akaniambia thelathini na moja. Hakunionyesha majina, wala mimi sikuyauliza. Idadi ilinitosha. Mafundi wake nawajua wote, hata kumi na wawili hawafiki. Nikasema moyoni, huyu anajitanua, anataka wakubwa wakisoma makaratasi yake waone kampuni kubwa. Basi na mimi nikaandika arobaini. Niliandika mafundi wangu saba wa kweli, halafu binamu, mashemeji wa mbali, mwalimu wa kwaya, jirani anayefuga nguruwe, na mzee mmoja ambaye ndoo ya maji anabebewa na wajukuu. Niliuza ndama ili majina yale yatoshe. Dada akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, baba?" Nikamwambia mwenye kampuni hajiandiki pamoja na vibarua.

Nilitoka pale nimefurahi. Nilipita stendi natembea polepole, nimeishika bahasha kifuani ili ionekane.

Kazi zilipotoka, mdogo wangu akapata madarasa mawili na ofisi ya walimu Gitting. Mimi nikapata vyoo. Matundu sita ya vyoo, kwenye shule isiyo na hata kibao cha jina barabarani. Nilivijenga vizuri, ni vyoo ambavyo havitapata ufa. Lakini kila jioni nikinawa saruji mikononi nilikuwa nawaza yale madarasa, ukuta umefika wapi, lenta ya juu ya madirisha ameimwaga au bado. Usingizi wangu wote wa kiangazi kile uliishia Gitting.

Kwetu kenchi za paa hazipandishwi na mafundi peke yao. Iwe nyumba ya mtu au shule, siku hiyo ndugu wanakuja, mashemeji wanakuja, majirani wanakuja bila kuitwa, kina mama wanapika makande, na asiyefika atajieleza kwenye ukoo. Mimi ni kaka mkubwa, nisingeweza kukosa. Nikapanda boda asubuhi kabla umande haujakauka kwenye ngano, na mfukoni nikatia timazi.

Ndiyo, timazi. Wakati watu wanasalimiana mimi nilizunguka nyuma ya jengo nikapima kona mbili. Zilikuwa zimenyooka. Nikapima ya tatu, nayo imenyooka. Roho iliniuma kwa kuuona ukuta ulionyooka, na sidhani kama yuko fundi mwingine aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

Labda ndiyo sababu nilipanda juu. Sikuombwa. Watu walikuwa wanavuta kamba chini, mafundi wake wanapokea juu, kazi inakwenda bila mimi, na hilo ndilo lililonishinda. Nikakwea mirunda hadi juu ya ukuta, nikaanza kuwaamrisha.

Mdogo wangu akaniita kutoka chini kwa adabu. "Kaka, naomba ushuke. Huko juu nimeshapanga watu."

"Waliofundishwa na nani?" nikamjibu.

Watu wakacheka. Yeye akaendelea kunitazama. Nikashika kamba ya kenchi ya nne. Upepo wa mlimani ukaisukuma, na badala ya kuangalia kenchi mimi nikaangalia chini, nione kama mdogo wangu bado ananitazama. Ikanipiga begani, nikaanguka nje ya ukuta na kuufikia mkono wa kulia.

Daktari alisema kiwiko kimevunjika vibaya. Lazima nipelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, wafungue, waweke vyuma. Kama sivyo, mkono ungejiunga hivyohivyo umepinda, na mwiko ningeuaga. Alipotaja gharama, mke wangu alishika ukuta. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si ulikata bima?"

Nilikata. Mwalimu wa kwaya alikuwemo, na mfuga nguruwe alikuwemo. Mimi sikuwemo, na hata saiti yenyewe haikuwa yangu. Ilibidi nimweleze yote hayo mke wangu nikiwa nimelala chali.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu akaja, akasimama miguuni pa kitanda. "Shikamoo kaka. Usihangaike, wewe upo kwangu. Nilikuandika."

Nikafikiri ananitania. Tukaenda watatu kwa dada wa bima, mkono wangu umening'inia kwenye kanga ya mke wangu, na pale ndipo nilipoiona orodha ile kwa macho. Mafundi wake kumi na mmoja. Chini yao mashemeji zetu, baba yetu mdogo, majirani zetu, wote waliokuja kuvuta kamba siku ile. Mvua bado zinanyesha, mtu huyu alikuwa amekaa na kalamu akawaza nani atakuja bila kuitwa, akawalipia. Mimi nilikuwa wa kwanza baada ya mafundi. Kazi: kibarua wa siku. Mwajiri: yeye.

"Utathibitisha hapa, baba," dada akasema, "kwamba ulikuwa kibarua wake, ukaumia ukiwa chini ya usimamizi wake."

Nasema ukweli, nilitaka kukataa. Nilikaa pale nikapima mkono uliopinda na maneno yale, na kwa muda mkono uliopinda ulionekana nafuu. Katesh nzima ingesikia. Kibarua, mimi, wa mtu niliyemfundisha timazi. Na kusaini nisingeweza, mkono wa kalamu ndio huo uliovunjika, kwa hiyo dada akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba la kushoto, kama mtu ambaye shule hakuiona.

Mke wangu akaniinamia sikioni. "Baba, weka hilo dole. Watoto wanakula kwa mkono huo."

Mdogo wangu akainuka. Akasema, "Ngoja nikaangalie pikipiki," akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Pikipiki ilikuwa na mlinzi wa duka la jirani, hakuna aliyekuwa anaigusa. Kupitia dirishani nilimwona amesimama ametupa mgongo, anatazama mlima, na hakugeuka hata mara moja.

Nikabonyeza dole. Nilimwonea wivu dakika ile kuliko siku aliyopata madarasa, kuliko buti, kuliko kona zake zote zilizonyooka. Ningekuwa mimi, nisingetoka nje. Ningebaki kwenye kiti changu nimtazame anavyobonyeza.